Papa wa Baharini na Mamba wa Ziwani: Ajuaye Tabia Zao Hurudi Nyumbani Salama

Katika nyumba za askari zilizoko Mbuya, Makindye, Naguru na Nsambya, jijini Kampala, kuna swali moja ambalo watoto hawakosi kumwuliza baba au mama arudiye likizo kutoka Somalia: "Je, ulimwona papa?" Tangu mwezi wa Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipowasili Mogadishu kwa kazi ya Umoja wa Afrika, maelfu ya vijana waliozaliwa mbali na maji ya chumvi wameishi kandokando ya Bahari ya Hindi. Wamerudi na masimulizi mengi, na masimulizi ya papa ndiyo yanayowatoa watoto usingizi.

Lakini mtoto yuyo huyo anayetetemeka akisikia habari za papa, shule zikifungwa hupelekwa kwa bibi yake huko Mayuge, Buvuma au Namayingo. Huko hutumwa ziwani na jerikeni mkononi, na aghalabu hakuna mtu aliyemwambia lolote juu ya mamba. Papa yuko mbali, nje ya mipaka ya nchi. Mamba yuko hapa, katika maji yale yale yanayonywewa, yanayofuliwa nguo na kuvuliwa samaki. Kwa hiyo yafaa kila nyumba ifahamu tabia za wanyama hawa wawili, kwani wote huwapata watu wasiowajua kuliko wale wanaowajua.

MACHINJIO KANDO YA BAHARI

Pwani ya Mogadishu ilipata sifa mbaya zamani, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza mwaka 1991. Watu waliokuwa wakioga karibu na fukwe za mji walishambuliwa na papa mara kwa mara, wengine wakafa. Sababu inayotajwa sana na wenyeji ni machinjio yaliyojengwa karibu na pwani, ambayo damu na matumbo ya mifugo yalikuwa yakimwagwa baharini. Papa walijifunza kuwa mahali pale pana chakula, wakawa wanarudi. Mtu aliyeingia majini hapo aliingia katika meza ya mwenziwe bila ya kujua.

Jambo linalofanana na hilo limeonekana katika mji wa Recife, nchini Brazil. Huko mashambulizi yalikuwa nadra sana hadi mwaka 1992, kisha yakazidi ghafla. Wataalamu wa nchi hiyo wameyahusisha na ujenzi wa bandari kubwa ya Suape, kusini mwa mji huo, ambao uliharibu mazalio ya samaki na kubadili njia za papa. Katika visa vyote viwili, papa hakubadilika tabia. Waliobadilika ni binadamu na mazingira yao.

PAPA NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Ziko aina zaidi ya 500 za papa duniani. Wako wadogo wanaotosha mkononi, na yuko papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana kila mwaka karibu na Kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, hasa kati ya Oktoba na Machi. Huyo, pamoja na ukubwa wake unaoweza kupita mita kumi, hula vidudu na visamaki vidogo anavyovichuja majini. Wavuvi wa Mafia humpita kwa ngalawa bila ya hofu, na wageni hulipa fedha ili waogelee kando yake. Katika aina zote hizo, tatu tu ndizo zinazotajwa katika sehemu kubwa ya vifo vya binadamu.

Papa hana mifupa. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kama lile lililomo katika sikio la mtu. Meno yake yamepangwa safu kwa safu, na jino likidondoka jingine husogea mbele kushika nafasi yake. Ana uwezo mkubwa wa kunusa, na ubavuni ana mstari wa neva unaomwezesha kuhisi mtikisiko wa maji kutoka mbali. Tena puani ana vijitundu vilivyojaa ute, ambavyo tabibu wa Kitaliani, Stefano Lorenzini, alivieleza mwaka 1678. Kwa vijitundu hivyo papa huhisi nguvu ndogo ya umeme itokayo katika misuli ya kiumbe hai, hata kama kiumbe huyo amejificha chini ya mchanga.

Mnyama mwenye vifaa vyote hivyo angetaka kula watu, kila pwani ingekuwa na misiba kila siku. Lakini sivyo ilivyo. Katika mwaka wa kawaida, mashambulizi ya papa yasiyochokozwa duniani kote huwa kama 60 au 70 hivi, na wanaokufa kwa kawaida hawafiki 15. Mara nyingi papa huuma mara moja kisha akaondoka, kwa sababu amekosea, au kwa sababu hana mikono ya kupapasia na hujaribu kitu asichokijua kwa kinywa. Bahati mbaya ni kwamba kwa mtu, jaribio hilo moja laweza kumaliza damu yote mwilini.

JE, PAPA AWEZA KUFIKA ZIWA VICTORIA?

Swali hili huulizwa na watu wazima pia, nalo si swali la kipumbavu. Iko aina moja ya papa, mnene na mwenye pua fupi, ambaye aweza kuishi katika maji baridi yasiyo na chumvi. Amepatikana mamia ya kilomita ndani ya Mto Zambezi.

Hata hivyo, wakazi wa Kampala na walale kwa amani. Maji ya Ziwa Victoria hutoka Jinja, yakapita Ziwa Kyoga na Karuma, yakashuka Murchison, kisha yakasafiri kupitia Sudan Kusini, Sudan na Misri hadi Bahari ya Mediterania. Njiani kuna mabwawa, mawe na maporomoko. Hapo Murchison peke yake, mto mzima hubanwa katika mwanya wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita arobaini. Hata sangara, samaki wa mto huo huo wa Naili, hakuwa akiishi Ziwa Victoria mpaka alipoletwa na binadamu katika miaka ya 1950. Papa, basi, hana njia. Ajiliwazaye kwa sababu hiyo, lakini, asisahau kwamba mahali pa papa pameshikwa na mwingine.

MAMBA HAKOSEI

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa. Papa mwenye kumwuma mtu mara nyingi amekosea. Mamba mkubwa hakosei. Kwake yeye, mtu aliyeinama ukingoni hana tofauti na swala aliyekuja kunywa maji.

Mamba wa Naili huanza maisha akiwa na urefu wa sentimita 30 hivi, akila wadudu na vyura. Akikua kidogo hula samaki, na samaki hubaki kuwa chakula chake kikubwa kwa miaka mingi. Mtaalamu wa Kiingereza, Hugh Cott, aliyefanya utafiti wake Uganda katika miaka ya 1950, alipasua matumbo ya mamia ya mamba na kuonyesha jinsi chakula hicho kinavyobadilika kadiri mnyama anavyozidi kukua. Mamba akishapita mita tatu, anao uwezo wa kumkamata mnyama mkubwa, na hapo ndipo binadamu anapoingia katika hesabu yake.

Mwili wa mamba hauna joto lake wenyewe. Ndiyo sababu huonekana asubuhi akiota jua juu ya mchanga, kinywa wazi. Wengi hudhani kuwa amekasirika au yuko tayari kuuma, kumbe anapunguza joto la kichwa. Kwa kuwa hatumii chakula kutengeneza joto, aweza kukaa wiki nyingi bila kula. Basi subira yake haina kifani. Hulala chini ya maji akiacha macho na pua tu, au akazama kabisa kwa zaidi ya nusu saa. Maji yanayomfika mtu magotini yanatosha kumficha. Ngozi ya taya zake imejaa vipele vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji, hata wa ndoo inayotumbukizwa.

Akishambulia, huruka kwa nguvu za mkia, hushika, huvuta mpaka kwenye kina, kisha hujizungusha ili kumzamisha na kumkata. Misuli ya kufumba taya ina nguvu za kutisha, lakini ile ya kufumbua ni dhaifu, hata kamba ya kawaida yatosha kulizuia domo lisifunguke. Nchi kavu, mamba hukimbia kwa kasi kwa umbali mfupi tu, kisha huchoka. Hatari yake iko ukingoni.

LUTEMBE NA MAMBA WA LUGANGA

Jambo ambalo halina budi kukumbukwa na kila familia ni kwamba mamba hujifunza. Ushahidi wake umo katika historia ya nchi. Wazee wa Buganda wanamkumbuka Lutembe, mamba aliyejulikana sana katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Huyo alikuwa akiitwa kwa jina na wavuvi, akatoka majini na kupewa samaki, huku wageni wakimpiga picha. Jina lake limebaki katika ghuba ya Lutembe, karibu na barabara ya Entebbe. Masimulizi mengi yamesukwa kumhusu, lakini kiini chake hakina uchawi: mnyama alijua mahali, akajua sauti, akajua kuwa hapo pana chakula.

Akili hiyo hiyo, mahali ambapo hapana mtu wa kutupa samaki, huleta msiba. Katika kijiji cha Luganga, wilayani Mayuge, alikuwako mamba mmoja ambaye wakazi walimwita Osama. Walisema kuwa tangu mwaka 1991 alikuwa amechukua watu zaidi ya themanini. Hesabu hiyo ni ya wanakijiji wenyewe, lakini majonzi yao hayakuwa na shaka. Mwaka 2005 wanakijiji pamoja na maofisa wa wanyamapori walimtega na kumkamata akiwa hai, mnyama wa mita tano hivi. Hakuuawa, alipelekwa katika shamba la mamba la Buwama, kwenye barabara ya Masaka, kwa ajili ya mbegu.

Luganga yafundisha nini? Yafundisha kuwa mamba hufuata ratiba ya watu. Akiona kwamba kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, wanakuja watu kuchota maji, atangoja. Siku ya kwanza hutazama, siku ya pili husogea, na siku ya tatu huenda isiwepo ya nne. Wengi husema, "Nimechota maji hapa miaka kumi na sijaona kitu." Hawajui kwamba miaka hiyo kumi ndiyo inayomfundisha mamba.

KWA NINI UGOMVI UMEZIDI

Zamani mamba alikuwa na samaki wengi, na watu kandokando ya ziwa walikuwa wachache. Leo samaki wamevuliwa kupita kiasi, hata kwa nyavu zenye matundu madogo zilizokatazwa na sheria. Mafunjo yaliyokuwa makazi ya mamba na mazalio ya sato yamefyekwa ili kulimwa mpunga na viazi. Vijiji vya wavuvi vimepanuka. Utumbo wa samaki hutupwa pale pale watu wanapooga, kama ilivyokuwa damu ya machinjio kule Mogadishu. Zaidi ya yote, palipo na bomba au kisima karibu, ni nadra kusikia msiba wa mamba. Palipokosekana, mama na watoto ndio wanaokwenda ukingoni mara tatu kwa siku.

KINGA KWA KILA NYUMBA

Wazazi wanashauriwa wasimtume mtoto peke yake ziwani au mtoni, wala mtu yeyote asiende kabla ya mapambazuko au baada ya magharibi. Maji yachotwe kwa ndoo iliyofungwa kamba au kopo lenye mpini mrefu, mchotaji akisimama mbali kidogo na ukingo, na mwenzake akitazama maji. Mahali pa kuchotea na saa ya kuchota vibadilishwe. Nguo zifuliwe juu, nchi kavu. Maji ndiyo yapelekwe kwenye nguo. Utumbo wa samaki na mizoga vifukiwe mbali na maji.

Kijiji kikiungana chaweza kusimika boma la miti migumu au vyuma ndani ya maji, likazunguka mahali pa kuchotea. Njia hiyo imetumika Sri Lanka, na vijiji kadhaa vya ziwani nchini Uganda vimepata vizimba vya namna hiyo. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na jeneza moja.

Mvuvi asining'inize mikono au miguu nje ya mtumbwi, wala asiingie majini usiku kutegua wavu. Kurunzi ni silaha nzuri: macho ya mamba hung'aa mekundu yakimulikwa. Aonaye macho hayo na aondoke, asirushe mawe.

Kwa askari aliyeko pwani, kanuni hazina tofauti kubwa. Asioge peke yake, wala alfajiri, wala jioni. Aepuke maji machafu, midomo ya mito, na mahali panaposafishiwa samaki. Mwenye jeraha linalotoka damu asiingie majini, na vitu vinavyometameta kama saa na mkufu viachwe kambini. Mkuu wa kambi akisema ufuko umefungwa, amri hiyo ni ya kuokoa maisha.

Likitokea la kutokea, mtu asikubali kufa kimya. Papa apigwe machoni na kwenye matamvua. Mamba achomwe macho, na kama mkono umo kinywani mwake, usukumwe ndani zaidi kooni, ambako kuna kifuniko kinachozuia maji yasiingie. Kikisukumwa, huenda akaachia. Wenzake wapige kelele, wavute, watumie kasia. Mtu akitolewa, jeraha likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi ili damu ikome, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, kwa maana kinywa cha mamba kimejaa vijidudu viletavyo sumu katika damu, na sindano ya pepopunda ni ya lazima.

JE, DAWA NI KUWAUA WOTE?

Mtu aliyefiwa na mtoto hawezi kulaumiwa akitamani mamba wote watoweke. Na mambo hayo yamejaribiwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini mamba waliuawa kwa wingi katika maji ya Afrika Mashariki, kwa kuhesabiwa kuwa adui, na baadaye kwa ajili ya ngozi zao, mpaka sehemu nyingi wakakaribia kwisha. Bado visa havikukoma palipobaki wachache wakubwa.

Vivyo hivyo kwa papa. Mji wa Durban, Afrika Kusini, uliweka nyavu baharini mwaka 1952, na vifo vikapungua sana. Lakini nyavu hizo zimenasa pia kasa, pomboo na papa wasio na hatia. Wataalamu wamekadiria kwamba binadamu huua papa kama milioni 100 kila mwaka, wengi kwa ajili ya mapezi. Papa huzaa taratibu, wengine watoto wachache baada ya mimba ya karibu mwaka mzima. Hawezi kuyafidia maangamizi hayo. Naye mvuvi ndiye wa kwanza kupata hasara, kwani mnyama mkubwa majini hula wagonjwa na walio dhaifu, na kuzuia aina moja ya samaki isizidi nyingine.

Mamba naye si mkatili kwa kizazi chake. Jike hutaga mayai kama hamsini, akayalinda kwa karibu miezi mitatu bila ya kwenda mbali. Joto la shimo ndilo huamua kama watatoka majike au madume. Watoto wakilia ndani ya mayai, mama huwafukua na kuwabeba kinywani, katika meno yale yale, mpaka majini. Hata hivyo wengi huliwa na kenge, ndege na samaki. Wanaofikia utu uzima ni wachache mno.

Yule mamba mmoja aliyezoea watu ndiye anayepaswa kuondolewa, na kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1996. Aonaye mamba mkubwa karibu na makazi na ampashe habari mwenyekiti wa kijiji, kituo cha polisi au ofisi ya Mamlaka mapema, kabla ya msiba. Polisi nao wanaombwa wasiipuuze taarifa hiyo. Na familia iliyopatwa na msiba isikae kimya: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka utaratibu wa fidia kwa kifo au jeraha lililosababishwa na wanyama kadhaa waliotajwa, mamba akiwa miongoni mwao. Ushahidi ukusanywe mapema, na taarifa ya polisi ihifadhiwe.

Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Kwa mtu wa ziwani na wa baharini, maneno hayo ni ya uzima na mauti. Baba akirudi kutoka Mogadishu na akaulizwa habari za papa, na awasimulie watoto wote, wafurahi. Lakini kabla hawajapanda basi kwenda kwa bibi, awaketishe tena, awaeleze habari za mamba, na awafungie kamba katika ile ndoo.